Je, kuchangia ugonjwa kabla haujafika ni kukosa imani?



Kuna swali ambalo limenisumbua tangu miaka mingi. Naleta swali hilo mbele yenu si kama mtu aliyelimaliza, bali kama mtu ambaye bado analibeba. Lilianza kwa jambo moja lililotokea hapa kwetu Lubumbashi, mwaka 2016, wakati nilipokuwa mtunza sanduku la maskini katika parokia yetu.

Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu alizuiliwa hospitalini. Alizaa kwa kupasuliwa, mama mzima, mtoto mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini hesabu ya hospitali ilikuwa dola 240, na bwana yake alikuwa na 60 tu. Basi mama akabaki. Wale wanaojua hospitali zetu wanaelewa maana ya neno hilo, kubaki. Mgonjwa amekwisha kupona, kitanda chake amepewa mwingine, yeye analala juu ya mkeka katika chumba cha wenye madeni, na mlinzi wa mlangoni ana karatasi yenye majina yao. Na kila siku anayobaki inaandikwa pia, kwa hiyo deni linakua wakati mtu anatafuta namna ya kulilipa.

Tulitangaza jambo hili baada ya mahubiri. Kwaya iliimba, watu wakapita mbele mmoja mmoja, hata watoto walileta franka zao. Jumapili mbili zilitosha. Jumatatu tukaenda kumtoa, watu kumi na wawili, kwa nyimbo na shangwe, na mimi nilikuwa na bahasha mfukoni, nikijiona kidogo kama mtu mkubwa. Naungama hilo.

Katika chumba kile kile alikuwamo mama mwingine wa parokia yetu. Alikuwa mjane, mtu wa kukaa viti vya nyuma, asiyesema sana. Mtoto wake aliugua malaria, akapungukiwa damu, wakamtia damu ya mtu mwingine, akapona. Deni lake lilikuwa dola 85. Hakututumia habari. Tulimkuta tu amekaa kwenye pembe na mtoto magotini. Tulimsalimu, tukamwombea, tukaondoka na mwimbaji wetu. Sanduku lilikuwa tupu, nasi tulikuwa tumechoka kuchanga. Mama yule alitoka baada ya majuma matano, wakati ndugu yake alipouza mashini yake ya kushona. Ile mashini ndiyo iliyokuwa inawalisha.

Tangu siku ile nimejiuliza: tulitenda mema au tulitenda mabaya? Mtu akiniambia ya kwamba tulitenda mema, kwa kuwa tulimfungua mmoja, sikatai. Lakini tazameni namna tulivyomchagua. Hatukumchagua mwenye shida kupita mwingine, wala mwenye deni dogo ambaye tungemtoa mara mbili upesi. Tulimchagua yule ambaye sauti yake tunaijua. Kama kwaya yetu ingekuwa na waimbaji wabaya, nani ajuaye, labda mjane angetoka wa kwanza!

Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kwamba mtu akiwa kitandani hatungoji aseme anataka nini, tunampikia tu. Kwetu leo mgonjwa anaulizwa dola, na mbaya zaidi, anaulizwa na ndugu zake wa Kanisa: wewe ni nani kwetu? Hatusemi kwa kinywa, lakini sanduku letu ndilo linalouliza. Aliye na rafiki wengi anapata, aliye na haya anakosa. Na maskini wa kweli mara nyingi ni mtu mwenye haya.

Kwa hiyo nimefika kuamini jambo ambalo hapo mbele sikuliamini. Sadaka ya kumkuta mgonjwa kitandani ni njema, lakini haitoshi, kwa sababu inamwachia mtoaji kuchagua uso. Msaada wa ugonjwa unapaswa kuwekwa pamoja kabla ya ugonjwa, na watu wote, kwa ajili ya mtu yeyote, hata yule nisiyempenda. Ndilo jambo linaloitwa siku hizi huduma ya afya kwa wote. Mataifa ya dunia yaliahidi mwaka 2015 ya kwamba litimizwe mpaka 2030. Kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2023 na Shirika la Afya la Ulimwengu pamoja na Benki ya Dunia, watu wapata milioni elfu nne na mia tano walikuwa bado hawajafikiwa vizuri na huduma za lazima. Ni zaidi ya nusu ya wanadamu. Basi hatuko peke yetu katika chumba cha wenye madeni.

Nilipoanza kusema hivi katika parokia, walinijibu kwa maneno mengi. Lililo zito kuliko yote lilitoka kwa mama mmoja mzee ninayemheshimu sana. Aliniambia: "Mwanangu, kulipia ugonjwa ambao haujafika ni kuuita. Mungu akiona tumekwisha kuuwekea kiti, atauacha uingie."

Msicheke. Wengi wetu tunafikiri hivyo ndani ya moyo, hata wale waliosoma. Nasi tuna sababu kupita wengine, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa lililoanza mbele ya wagonjwa. Mwaka 1921 watu waliacha vitanda vya hospitali za wazungu, wakabebwa katika machela mpaka Nkamba, kwa Papa Simon Kimbangu, wakitafuta kupona. Serikali ya wakoloni iliogopa, ikamkamata mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na alikufa kifungoni hapa hapa katika mji wetu, tarehe 12 Oktoba 1951. Mtoto wa historia ya namna hii akiambiwa alipe kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa, anaweza kuona ni kama anauza urithi wake.

Lakini nilimjibu yule mama kwa maneno mawili. La kwanza, Kanisa letu lenyewe, lililozaliwa katika uponyaji, lilijenga baadaye zahanati na hospitali. Waliozijenga hawakuacha kuomba. La pili ni habari ya Yusufu huko Misri. Miaka saba ya shibe alikusanya sehemu ya tano ya mavuno na kuiweka ghalani. Je, ni yeye aliyeita njaa? Njaa ilikuwa njiani, na Mungu alimpa Farao ndoto ili watu waweke akiba kabla. Ghala lile lilikuwa jibu la ndoto, halikuwa dharau kwa aliyeituma. Sisi sote tunatengeneza bati za nyumba wakati wa kiangazi, na hakuna anayesema tunaita mvua.

Kisha nikamwuliza: "Mama, mtu akifa katika kartie yetu, inachukua siku ngapi kupata pesa za jeneza?" Akasema, siku moja, labda mbili. Ni kweli. Kwa matanga tunachanga upesi, majirani, jamaa, watu wa kazini, na daftari inazunguka mpaka usiku. Mtu aliyekosa dola 85 za kutiwa damu anapata dola 300 za kuzikwa. Mama akanyamaza, nami sikuendelea. Lilikuwa neno la kuniumiza mimi pia, maana ile daftari ya matanga nimeishika mara nyingi.

Wengine walisema, tunayo likelemba, tunahitaji nini tena? Likelemba ni jambo zuri, lakini si kitu kimoja. Katika likelemba kila mtu anangojea zamu yake ifike, na mwisho kila mmoja amepata kadiri alivyotoa. Katika mutuele ya afya, kila mtu anaomba zamu yake isifike kamwe. Mwenye bahati ni yule aliyelipa miaka kumi bila kuchukua hata franka moja. Anayeona amepoteza pesa zake hajaelewa ametoa nini. Alimtolea mtu asiyemjua, siku asiyoijua, bila kuimbiwa na kwaya. Kwangu mimi hiyo ndiyo sadaka iliyo karibu zaidi na ile ya mkono wa kushoto usiojua.

Na kitu hiki si kigeni kwetu, wala hakikuletwa jana na watu wa mikutano. Mwaka 1986, wakati nchi ingali ikiitwa Zaire, huko Bwamanda, upande wa kaskazini-magharibi, hospitali ilianzisha bima kwa wanakijiji. Walilipa mara moja kwa mwaka, wakati wa kuuza mavuno, yaani wakati ambapo mkulima ana kitu mkononi. Aliyekuwa mwanachama, akilazwa, alilipa sehemu ya tano tu ya hesabu, na mfuko ulilipa iliyobaki. Hawakuwa matajiri. Walikuwa wakulima, na pesa ya Zaire ilikuwa inayeyuka kama chumvi ndani ya maji. Lakini waligundua jambo moja la akili: kutoa wakati wa mavuno si sawa na kutafuta wakati wa homa.

Huku kwetu Katanga wazee wanakumbuka namna nyingine. Mfanyakazi wa Gécamines alitibiwa katika hospitali za kampuni, yeye na mke na watoto, na hakuna aliyemwuliza dola mlangoni. Ilikuwa huduma kwa wote, ila "wote" walikuwa wale wenye namba ya kazi. Muuza makala aliyekaa nyuma ya ukuta wa kambi hakuwamo. Na mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipoondoka kazini kwa mpango ule ulioitwa wa hiari, ikaonekana ya kwamba afya iliyoshikwa na kazi inaondoka pamoja na kazi. Mtu akifika nyumbani na barua yake, na mtoto wake anakuwa mtoto wa muuza makala.

Kwa wengine wote, kilichobaki ni mfukoni. Mwaka 1987 waziri wa afya wa kila nchi ya Afrika aliyefika Bamako alikubali, pamoja na wenzake, ya kwamba wagonjwa wachangie gharama za dawa ili vituo visikae bila dawa. Nia haikuwa mbaya. Lakini kwetu zikaja pillages za 1991 na 1993, serikali ikaacha karibu kabisa kulipa, na mchango wa mgonjwa ukageuka kuwa mshahara wa hospitali nzima. Hapo ndipo nataka tuwe na haki. Tunamlaumu muuguzi anayemzuia mama mwenye deni, na kweli kumfunga mtu aliyepona ni dhambi, sitasema vingine. Lakini wauguzi wengi wa nchi hii hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Wanaishi kwa yale yanayolipwa na wagonjwa. Mkono mtupu haulambwi. Mama yule akitoka bila kulipa, mtoto wa muuguzi naye hali usiku ule. Maskini wawili wamefungwa katika chumba kimoja, mmoja ndani, mmoja mlangoni.

Ndiyo sababu nimesoma upya habari ya Msamaria mwema katika Luka 10, na nimeona kitu ambacho mahubiri mengi yanakipita. Tunasifu ya kwamba alisimama, alimwaga mafuta na divai, alimpandisha yule mtu juu ya mnyama wake. Lakini kesho yake asubuhi alitoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba ya wageni, akamwahidi kulipa kila kitu kitakachozidi akirudi. Huruma yake ilipita kwenye hesabu! Hakumwachia mgonjwa deni, wala hakumwachia mwenye nyumba hasara. Kama angemwaga mafuta na kuondoka, yule mtu angeamka siku ya tatu akiwa amepona, na mwenye nyumba akisimama mlangoni. Na hakumwuliza jina, wala kabila, wala kanisa.

Sasa kuna neno ambalo wote wanalisema, na ndilo linalonipa shida kupita yote: pesa zitaliwa. Ndugu, siwezi kuwaambia ya kwamba hazitaliwa. Tumeona mifuko mingi katika nchi hii, na tumeona magari ya wale walioishika. Ninajibu tu ya kwamba pesa zinaliwa pia leo, kwa njia ya mgonjwa kuuza mashini yake, ila wizi huo hauna daftari, kwa hiyo hatuuoni. Mfuko wenye daftari unaweza kusomwa mbele ya watu kila mwezi. Shida ya mtu mmoja mmoja haisomwi popote.

Wengine wanasema, hiyo ni kazi ya serikali, Kanisa liombe tu. Nusu ya neno hilo ni kweli. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Mwaka 2001 huko Abuja, wakubwa wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi yetu haijakaribia hapo. Sheria ya mutuele ilitoka 2017, na ile ya afya ya watu wote ikatoka 2018. Mwezi wa Septemba 2023, serikali ilianzisha Kinshasa kuzaa bila malipo, kwa mama na kwa mtoto mchanga, na mpango ukaendelea kwenda katika majimbo mengine. Nilisikia habari hiyo nikamkumbuka mwimbaji wetu. Kama ingekuwapo kwetu mwaka 2016, sanduku lingebaki zima kwa ajili ya mjane. Hiyo ndiyo faida yake, na tuisifu. Lakini tujue pia ya kwamba kuzaa bila malipo maana yake ni kwamba mtu mwingine analipa. Serikali ikichelewa kulipa hospitali, muuguzi atarudi kuomba glavu na sabuni kwa mama, na neno "bure" litabaki kwenye kibao tu.

Jirani zetu wa Rwanda walianza kujaribu mutuele mwaka 1999, katika sehemu chache kwanza. Najua jina la nchi hiyo linawauma wengi wetu, na lina sababu ya kuuma. Lakini tulichukue lililo la kweli hata likitoka kwa mtu tunayegombana naye. Walichoona ni kwamba hiari peke yake haitoshi. Vijana wenye nguvu wanakaa nje, wagonjwa wanaingia, na mfuko unakauka. Ikawapasa kufanya iwe lazima kwa kila mtu, na kwa wale maskini kabisa, wengine wawalipie. Mimi pia nimefika hapo, ingawa sipendi neno "lazima" katika mambo ya huruma. Sehemu ya kumi tunaifundisha kama wajibu, na hakuna anayesema ya kwamba wajibu umeua upendo.

Basi katika parokia yetu tulijaribu. Tulipiga hesabu kwa chaki: jamaa mia tatu, dola moja kila mwezi, ni dola 3,600 kwa mwaka, yaani kupasuliwa kwa akina mama kumi na watano, kama hakuna malaria, na malaria haikosi. Tuliona wazi ya kwamba hatuwezi kubeba yote. Tulianza kwa kuzaa na kwa watoto chini ya miaka mitano, tukapatana na kituo kimoja cha afya kisizuie mtu aliyeandikwa kwetu.

Siku ya kufungua daftari walikuja jamaa arobaini na moja. Mwimbaji alikuja, akaandikwa wa tatu. Mjane alikuja mwisho, watu wakiwa wameanza kuondoka. Alihesabu franka zake mara mbili juu ya meza, akazisukuma kwangu, kisha akaniuliza: "Baba, mimi nauza mboga. Kuna mwezi nitapata, kuna mwezi nitakosa. Mwezi nikikosa, mutafuta jina langu?"

Niliangalia wazee wa parokia, nao wakaniangalia. Katika kanuni zetu tulikuwa tumeandika ya kwamba asiyelipa miezi miwili anafutwa, kwa sababu mtu wa hesabu alituonyesha, na kwa haki, ya kwamba bila kanuni hiyo mfuko unakufa. Nilichukua kalamu, nikaandika jina lake na majina ya watoto watatu, lakini kanuni hatujaibadilisha bado. Tutakutana tena Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya ibada, na swali lake ndilo la kwanza kwenye karatasi.